Aliyegusa Injini ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Sijamwambia mtu yeyote. Hata mama. Ijumaa, kabla baba hajapeleka gari kwa fundi kusawazishwa injini, nilifungua boneti nikachora mstari mwembamba kwa rangi nyeupe ya kucha. Nusu kwenye distribyuta — kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi — na nusu kwenye injini yenyewe. Fundi akikizungusha hata kidogo, mstari unakatika. Nilitaka tu kujua mtaalamu hukizungusha kiasi gani. Nijifunze. Basi.

Gari limerudi leo. Mstari umenyooka vilevile nilivyouchora. Hakugusa!

Nimekaa jikoni, naandika. Fundi mwenyewe ni Sikio, rafiki wa baba tangu utotoni, kwangu ni baba mdogo. Wanamwita Sikio kwa sababu hurekebisha injini kwa kusikiliza tu, bila mashine yoyote. Na baba ameshamlipa. Anasema gari limekuwa jipya. Alisema hivyo huku likimzimikia getini mara mbili.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya.

Baba alikwenda kunyoa, mama alikuwa sokoni. Nikawasha gari, nikalegeza nati ya distribyuta kwa spana namba kumi na mbili, nikaizungusha polepole, unene wa ukucha tu. Injini ikaacha kukohoa. Ikatulia. Nilishtuka nusura niangushe spana kwenye feni. Nikakaza nati. Mstari wangu sasa ni vipande viwili.

Yote haya niliyaona kwa Sikio, likizo zote za shule, nimekaa juu ya tairi bila kusema neno. Injini hazikuulizi matokeo ya mtihani yanatoka lini.

Jumatano, 6 Machi

Baba hashikiki. Asubuhi aliwasambazia wateja wake mikate yote bila gari kuzima hata mara moja. Akamsimamisha jirani: "Unajua tatizo lako? Unajifanyia mwenyewe. Unatazama video mbili, unajiona injinia. Mpe fundi kazi yake, wewe ulale." Jirani akasema lake linawaka vizuri tu, mradi wapatikane watu wanne wa kusukuma. Wakacheka. Mimi nilikuwa naanua nguo. Nikajificha nyuma ya shuka.

Kisha baba akapita kwa Sikio kumshukuru. Anasema Sikio alimkodolea macho tu, hakujibu. "Mnyenyekevu sana yule."

Mnyenyekevu! Mtu anakula hela ya rafiki yake, halafu anashukuriwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeandika na kufuta mara tatu.

Nilikwenda gereji nimwambie usoni. Nilikariri maneno njia nzima. Alikuwa ameinamia pikapu ya mteja, kanipa mgongo. "Shikamoo, baba mdogo." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikasema moyoni, aibu hiyo.

Halafu nikaona. Alishika bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini. Siku zote mpini huuweka sikioni. Leo aliuuma. Kwa meno! Macho kayafumba, taya linatetemeka pamoja na injini.

Aliponiona, bisibisi ikamwanguka. Nikamuuliza kulikoni. "Sema kwa nguvu, mwanangu." Nikajaribu. Akatikisa kichwa. "Wewe hata wenye masikio mazima huwa hawakusikii."

Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo: TANGU LINI?

Mwaka na nusu, akasema. Sikio moja lilikufa, la pili likafuata. Sauti nene anazipata kwa meno. Nyembamba hazipo tena. Wateja anawasoma midomo; yangu, anasema, haifunguki. Baba hajagundua kwa sababu baba hujiuliza na kujijibu mwenyewe.

"Gari lenu sikulisikia kabisa. Nikaona heri nilirudishe lilivyokuja kuliko kuliharibu. Kumwambia nikashindwa. Juzi anakuja kunishukuru. Nani amelishika?"

Nikaandika: MIMI.

Akakaa chini, juu ya tairi. Nilidhani atanifokea. Alinitazama mikono tu. Kisha akainuka akafuta kioo kwa kiganja, haraka, mteja asije akasoma.

Jumapili, 10 Machi

Baba kaleta habari mezani. Mwenye duka la magodoro kesho anapeleka pikapu zake tatu kwa Sikio. Alitaka gereji kubwa yenye kompyuta, baba akamzuia. "Nimemwambia, kitu kikiharibika aje kwangu."

Niliondoa sahani mezani, nikaja kuandika.

Nikinyamaza, Sikio ataharibu injini za watu na mzigo utamwangukia baba. Nikisema, nani atampa tena hata plagi moja aifute? Gereji ndiyo maisha yake yote.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa gereji, ndani ya pikapu ya pili, tukisubiri injini ipoe. Ya kwanza imetoka, imetulia. Asubuhi niliwahi kwa Sikio, tukapatana hivi: mimi nasimama mbele yake nasikiliza. Nikiinua kidole, anazungusha. Nikikunja ngumi, anakaza. Watu wanaambiwa najifunza kazi. Dereva wa magodoro akauliza, "Binti, unatengeneza magari au unayaongoza?" Baba mdogo akacheka alipoona wengine wanacheka.

Karatasi inachafuka, nina grisi mpaka viwikoni.

Baba amekuja! Hakusema kama atakuja. Amesimama nyuma ya Sikio, anamwita. Sikio anapanga spana zake. Baba amemwita tena, kwa jina lake la shuleni, kwa sauti kubwa. Sikio anapiga mluzi. Mluzi wenyewe hauna wimbo.

Sijawahi kumwona baba akisubiri jibu.

Ametazama mgongo wa rafiki yake. Sasa ananitazama mimi, kupitia kioo. Anakuja upande huu. Daftari, nakuomba, usimwambie. Hata akikufungua —