Sahani Nilizotupa

Jumatatu, 4 Machi

Ng'ombe wa pili wa Kaka amekufa. Wa pili ndani ya siku nane! Jana jioni alikamuliwa vizuri tu. Asubuhi kakutwa amelala, tumbo limevimba, kinyesi damu iliyoganda. Saa sita mchana hayupo.

Kaka kampasua mwenyewe, katia kipande cha utumbo kwenye ndoo, kaniletea maabara na mabuti yake ya zizini. Hakulia. Alisema tu, mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma, niambie ni nini.

Wamebaki watano. Hao ndio Baba aliomwachia, na maziwa yao ndiyo yaliyonisomesha mimi. Yumo Kidoti, niliyemnywesha kwa chupa mama yake alipomkataa. Kajifungua juzi juzi, maziwa yanamwagika.

Nimepanda sampuli kwenye sahani sita za kuoteshea vijidudu. Kipande kilichobaki nimekitia kwenye fomalini kisioze. Huyo mdudu nitampata, akijificha asijifiche.

Jumatano, 6 Machi

Ukungu! Sahani zote sita zimeota ukungu wa kijani-kijivu. Uchafu wa hewani umeingia, siku mbili zimekwenda bure.

Niliwaka. Nikamwita Mama Deki, anayetusafishia maabara, nikamfokea mbele ya watu. Kwamba anapiga deki kama anafukuza nzi. Kwamba vumbi lake litamuua ng'ombe wa mtu. Yeye akaendelea kufagia. Najua wananiita Madam Spiriti, kwa sababu meza yangu naifuta kwa spiriti mara tano kwa siku. Sijali. Kwenye kazi hii usafi ndio kila kitu.

Nimezitupa. Nimepanda upya.

Ijumaa, 8 Machi

Ukungu tena. Sahani zote. Karibu nilie.

Nimetupa, kisha nikaandika majibu, maana Kaka anapiga simu kila saa: "Bakteria wa ugonjwa hawakuonekana. Sampuli imechafuliwa." Nikapiga muhuri. Nikampa mtu wa pikipiki ampelekee.

Jioni akapiga. Basi nifanye nini, mdogo wangu? Nikamwambia labda ni udhaifu wa baada ya kuzaa, Kidoti amwongezee sileji, yale majani aliyoyavundika shimoni, apate nguvu. Akafurahi. Akasema tangu mvua ile ipasue turubai la shimo, sileji inatoa mvuke ukiifukua, ya moto kabisa, na Kidoti anaipenda hiyo ya moto kuliko nyingine. Nikacheka. Nikasema Kidoti tangu zamani anajipenda.

Jumapili, 10 Machi

Wa tatu amekufa. Naye alizaa mwezi uliopita.

Wifi ndiye aliyepiga simu. Kasema Kaka hali, kakaa tu kwenye ukuta wa zizi. Akaniuliza, wifi, kwani huko maabara mnafanya nini? Nimeletewa kipande kingine, nimekuja kupanda Jumapili hii hii, peke yangu. Sahani sita. Nimefuta meza mara kumi.

Jumanne, 12 Machi

Ukungu.

Nimezitupa. Sina nguvu hata za kukasirika. Nilikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye kabati. Mama Deki akaingia na ndoo. Wiki nzima hanisalimii, na anayo haki. Leo akasimama.

"Madam, nikuulize kitu? Usinifokee lakini."

Nikamwambia uliza.

"Hizo sahani zako na zile za maziwa za yule kijana wa zamu, si mnaziweka kabati moja? Mbona zile za maziwa haziotagi? Mimi ndiye ninayemwaga takataka zenu. Za ng'ombe wa kaka yako ndizo zinazoota. Hizo tu. Kila mara. Kama uchafu ni wangu, mbona unachagua?"

Akachukua ndoo yake akaenda kupiga deki korido.

Mungu wangu.

Mara tatu! Mara tatu nimetupa jibu kwenye pipa, nikaliita uchafu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweka sahani tupu pembeni, aone kama nayo inaota. Mimi sikuweka. Kwa nini niweke, mimi Madam Spiriti?

Nikakimbia kwa Bosi. Kasema taratibu, ukungu kwenye sahani hauthibitishi, upo kila mahali. Kautafute ndani ya nyama. Ile fomalini! Kile kipande cha Jumatatu kimekaa rafuni siku nane zote kinanisubiri. Tumekikata vipande vyembamba, kesho vinatiwa rangi ya kuonyesha kuvu.

Sileji ya moto. Turubai lililopasuka, hewa ikaingia, majani yakaota ukungu. Mvuke. Nami nilicheka!

Nimempigia Kaka mara kumi na nne. Simu haipatikani. Ya Wifi inaita tu.

Jumatano, 13 Machi

Saa nne asubuhi. Nimeona. Nyuzi nyeusi kwenye hadubini, zimejigawa kama vitawi, zimepenya ukuta wa utumbo mpaka kwenye mishipa ya damu. Si juu ya nyama. Ndani. Bosi kaangalia, kaweka mkono begani kwangu. Kuvu, bila shaka yoyote.

Saa nne na robo Wifi kapokea. Nikapiga kelele, toeni sileji yote, msimpe ng'ombe hata mmoja! Kisha akasema polepole, wifi, Kidoti kalala tangu alfajiri. Kaka yako alikuwa anampa ndoo mbili zaidi kila siku. Kama ulivyosema.

Nimemwomba Mama Deki msamaha pale pale koridoni, mbele ya watu wale wale. Akasema nenda, Madam, nenda kwanza kwa kaka yako.

Jioni, zizini. Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Daktari wa mifugo amefika, kamtundikia Kidoti chupa ya maji. Anasema hawezi kuahidi kitu, wengi hawaponi. Wale wengine watatu wanakula majani makavu. Kidoti kaninusa mkono, kaulamba kidogo, karudisha kichwa chini.

Kaka hajui bado kwamba jibu nililitupa. Anajua nimegundua, basi. Anamwambia daktari kila dakika: huyu mdogo wangu ndiye aliyeupata ugonjwa, nilijua tu ataupata. Macho mekundu, na bado ananisifu! Kila nikifungua mdomo nimwambie, ananipa maziwa ya mtungi ninywe, nimechoka na safari.

Sasa daktari kauliza kama kuna majibu ya mwanzo. Kaka kayatoa mfukoni mwa shati, karatasi yangu ya Ijumaa, kaikunjua vizuri, muhuri wangu unaonekana hadi hapa nilipo. Daktari kasoma. Kasoma tena. Kauliza, hapa waliposema sampuli imechafuliwa, zile sahani zilikuwa zimeota nini?

Kaka kajibu kabla yangu. "Kama kaandika imechafuliwa, ilichafuliwa. Huyo hakosei."

Daktari kageuka upande wangu. Wote wawili wananisubiri.