Mkate ni Mwiko

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafuu ya kurudi darasani. Sisi hatujambo, ila binti yangu amepungua uzito, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Niruhusu nianze na neno. Mwiko una maana mbili: chakula ambacho mtu amekatazwa kula, na kijiko kikubwa cha mti cha kukorogea na kupakulia. Nilipomwondolea ngano na maziwa, nikitumaini kupunguza mayowe yanayoambatana na usonji wake, nilitangaza nyumbani kwa maana ya kwanza tu: mkate ni mwiko.

Nilikuandikia kwamba mayowe yalipungua, na kwamba mtoto, asiyetamka neno, alianza kutembea na mwiko wa jikoni, ametulia. Nilihesabu hayo kuwa matunda ya mlo. Daktari alinionya kwamba ushahidi wa milo ya namna hii ni haba, na kwamba uzito ukizidi kushuka tuache; nikamwona mbishi.

Jumapili nilimkuta mama mkwe akimkatia mkate. Nilifoka. Aliniambia nishushe sauti nisimtishe mjukuu wake, kisha akauliza kama kweli sikujua mtoto anaomba nini. Tangu siku ya tangazo, alisema, kila akitaka mkate humpelekea mwiko. Katazo langu yeye mwenyewe alilielewa vizuri, lakini mtoto ambaye hajawahi kuomba kitu akija kuomba, yeye hana moyo wa kumnyima. Akanitania kwamba nyumba nzima ni mtoto peke yake aliyenisikiliza neno kwa neno.

Sikucheka, dada. Nami aliniletea mwiko ule, tena si mara moja. Nilimsifu, nikamrudishia.

Basi ushuhuda niliokuandikia hausimami: alikuwa akila ngano muda wote huo. Tafadhali usiusome mbele ya wazazi wa shuleni kwako kama ulivyokusudia. Maziwa, ambayo kweli hakuyapata, nimeyarudisha kwa ushauri wa daktari. Jana aliniletea mwiko, nikamkatia mkate. Alikula akiniegemea begani.

Msalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Ukijibu, nisaidie kwa hili moja, maana mimi nimeshindwa kulitenganisha: mayowe yalipungua kwa kile tulichomwondolea sahanini, au kwa sababu mtu mmoja humu ndani alianza kumjibu?

Ni mimi,
mdogo wako.