Dola za Kofia katika Akaunti ya Mbarak

Jumatatu, 3 Februari 2025

Siku ya kumi na tisa ya eda. Johari kapiga simu kutoka Toronto, yule mwenye duka. Kanipa pole, akalia, nami nikalia. Kisha kasema pesa za kofia keshatuma. Kofia sitini na mbili, dola elfu moja mia nane na sitini. Kazituma wapi? Kule kule, akaunti ya Mbarak.

Ya Rabbi! Mume wangu yuko kaburini na pesa zangu zinamfuata.

Jumanne, 4 Februari

Makosa ni yangu. Mbarak alikuwa baharia, mshahara wake ukiingia kwa dola, ndiyo akawa na akaunti ya dola. Mimi kampuni za kutuma pesa zilikuwa zikinikata kule, zikinikata na hapa, na bei ya kubadilisha wapange wao. Kwake dola inaingia dola, makato kidogo, twabadilisha siku bei ikipanda. Nikajiona mjanja! Mwenyewe aliniambia mara ngapi: Intisar, fungua yako. Nikamjibu, ya nini kulipia akaunti mbili nyumba moja? Jina likabaki lake, mimi nikapewa barua ya idhini ya kutoa tu.

Majuto mjukuu.

Alhamisi, 6 Februari

Shemeji Jafar alikuja, ndugu wa marehemu. Yeye barazani, mimi ndani, pazia katikati. Kwa adabu zake zote kasema kilichomo katika akaunti ya maiti ni mirathi. Nusu ya binti yangu Jalila, thumni, moja ya nane, yangu, baki yake yeye. Na ile barua ya idhini, kasema, imekufa na aliyeitia saini.

Nikamuuliza, hata kofia nilizoshona kwa sindano yangu? Kasema benki haijui sindano, yajua jina.

Si mtu mbaya. Ndiye aliyemwosha nduguye. Lakini nina hasira naye, tena kubwa.

Ijumaa, 7 Februari

Kadzo, mshonaji mwenzangu, kaja baada ya swala. Katika zile sitini na mbili, kumi na moja ni zake, na jicho lake la kushoto halioni vyema siku hizi. Wenzake saba wa hapa Bofu ndio waliomtuma. Da Intisar, za Toronto zimeingia? Ramadhani hiyo yaja.

Nikasema inshallah. Neno kubwa hivyo, nami nimejificha nyuma yake. Haya iliyonishika!

Jumapili, 9 Februari

Nimempigia Maalim Faiz. Kasema jasho lako ni lako, si mirathi, peleka mashahidi kwa kadhi. Lakini benki ikishajua mwenyewe kafa, itafunga akaunti mpaka karatasi za korti. Miezi hiyo! Kutoka mchana kwa dharura kaniruhusu, bora nirudi kabla ya magharibi.

Kutoa pesa kwanza, halafu ndio niwaambie benki – hilo sikumuuliza. Naliogopa jibu lake.

Jumatano, 12 Februari

Naandika nikiwa benki.

Nimevuka feri kichwa chini, buibui kuukuu, bila wanja, bila manukato. Jirani mmoja kanitazama kama mwizi. Mkobani nina barua ya idhini na kibali cha mazishi. Vyote viwili. Nimetoka navyo nyumbani bila kuamua.

Josephine wa dirisha la dola kaniona, kacheka kwa furaha. Mtu wa bara, nguo hizi za eda hazimwambii kitu. Mama Jalila! Uko peke yako leo? Mzee amerudi melini? Halafu kanong'ona: zenu zimeingia jana, zote, wamekata dola kumi tu.

Dola kumi tu! Ingekuwa zamani ningepiga vigelegele.

Nikamwambia ngoja kidogo mwanangu, natafuta karatasi. Nikaja kukaa huku kwenye viti. Karatasi zote mbili ziko mapajani. Nawaona kina Kadzo, nane, wakingoja. Nikisema yuko melini, leo hii wanalipwa.

Na nikisema kweli? Siku ishirini na nane nimepokea pole za watu. Wote walikuja wakijua. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwa mdomo wangu kwamba Mbarak amekufa.

Josephine ananiita tena.