Neno Moja Juu ya Swichi

Jumatatu, 10 Machi

Stata ya lori la kokoto. Taa za breki za teksi mbili. Mteja mmoja ameniuliza fundi wa waya yuko wapi, nami nimeshika koleo mkononi. Nimemwambia fundi ameenda chai, angoje. Amengoja. Ameelewa alipoona gari lake limewaka.

Mume wangu Wekesa amerudi saa tisa mchana, siku mbili nyuma ya siku aliyosema. Amekuja moja kwa moja hapa kibandani kwangu Ayany kabla hata ya kwenda nyumbani Kawangware. Pikapu ya kliniki ya macho anayoiendesha ina matope mpaka juu ya paa. Walikwama katikati ya mto wa mchanga huko Kitui, yeye na nesi wake, Sista Kavata, na wagonjwa wawili wenye bandeji machoni. Maji yakaanza kuja. Watu wa kijiji wakawavuta kwa kamba na punda. Ananisimulia kama kichekesho. Nimeiosha hiyo pikapu mwenyewe ili nisimwangalie usoni.

Mto huo naujua. Nimezaliwa ng'ambo yake. Maji yake hayapigi hodi.

Mwaka huu nilikuwa nataka vitu vingi. Leo nataka kimoja tu. Huyu mtu awe anarudi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemhoji Wekesa kama askari wa trafiki. Gari lilifanya nini hasa? Anasema alikanyaga mafuta na injini ikakataa. Ikalegea kabisa. Kwenye dashibodi taa ya njano ikawa inapepesa, ile ya kigari chenye mistari ya kuteleza nyuma.

Basi nimejua. Injini haina kosa. Ni kompyuta.

Magari ya siku hizi yana akili zao. Tairi likiteleza, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kushika breki gurudumu mojamoja mpaka gari litulie. Kwenye lami yenye mvua hiyo ni baraka. Kwenye mchanga ni balaa, kwa sababu mchanga unavukwa kwa mwendo. Ukipunguza, umezama. Kitufe cha kuizima kipo, lakini ni cha kubembelezea mtoto: gari likipata mwendo kidogo, inajiwasha tena yenyewe.

Mafundi wengine huchomoa fyuzi tu. Ukichomoa, breki nazo zinabaki za kizamani. Siwezi kumtoa mume wangu kwenye mchanga nikamuue kwenye lami.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata dawa.

Gari likiwekwa gia nzito, ile ya kupandia milima, kompyuta inaiacha injini ifanye kazi yake. Inabaki kushika tu lile tairi linalozunguka bure. Ndicho ninachotaka. Shida ni kwamba gia nzito ni ya kutambaa, na mto ule hauvukwi kwa kutambaa. Lakini kompyuta haina macho. Inajua iko gia nzito kwa sababu kuna waya mmoja unaoiambia. Nikiuwekea waya huo swichi, naweza kuiambia uongo wakati wowote, nayo itaamini.

Waya mmoja, swichi moja, uongo mmoja.

Kuupata waya wenyewe ndiyo kazi. Nimelala chini ya gari tangu asubuhi na mita yangu ya kupimia umeme, mchanga wa Kitui ukinidondokea machoni. Saa saba Wekesa ameleta chapati na maharagwe. Mikono yangu ilikuwa na grisi, kwa hiyo amelala chini kando yangu na kunilisha. Mafundi wa vibanda vya jirani wametutania mpaka jioni. Wacha watanie. Nilikuwa na furaha.

Amenisahihisha pia, mdomo wangu ukiwa umejaa. Nimesema "gari yako", akasema "gari lako". Huyu mtu alipata A ya Kiswahili Kidato cha Nne huko kwao Bungoma na hajawahi kupona. Kawangware yote inasema gari yangu, nyumba yangu, mguu yangu, na maisha yanaendelea. Yeye hapana. Miaka kumi na saba naye imeniharibu, hata humu ndani naandika gari langu. Lakini humu haingii mtu. Gari yangu. Gari yangu. Gari yangu.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani asubuhi. Baadaye Soko la Toi, nimemnunulia sweta nzito ya mtumba, kijivu, haina hata tundu. Asubuhi za huko ni baridi.

Mchana tumejaribu swichi kwenye ule uwanja wenye tope upande wa Kibera. Swichi chini, gari limenung'unika na kulegea. Swichi juu, ile taa ya njano imewaka ikabaki imewaka, injini imenguruma na gari limetoka topeni. Watoto wamepiga makofi. Wekesa ameniita injinia mbele za watu.

Nyumbani soketi ya jikoni haifanyi kazi mwezi wa pili sasa. Kinyozi hajinyoi.

Jumatatu, 17 Machi

Wameondoka.

Sista Kavata alifika mapema kuliko tulivyopatana, akiwa na makasha yake ya dawa na haraka yake. Nilikuwa bado nafunika waya kwa tepu chini ya dashibodi. Nikachukua kipande cha tepu nyeupe, nikaandika neno moja kwa kalamu, nikakibandika juu ya swichi. ZIMA. Ukiisukuma huku, umeizima ile akili ya gari. Wekesa alikuwa anafunga mizigo. Nikamwambia swichi ni hii, nimeandika, asome. Akasema sawa, mwalimu. Sista akapiga honi.

Ningependa kumkumbatia lakini nilikuwa nanuka solda ya kuungia waya.

Jumatano, 19 Machi

Amevuka.

Amepiga simu saa nne kutoka juu ya kilima, mahali pekee penye mtandao. Anasema mto ulikuwa na maji ya kufika nusu ya tairi na mchanga laini chini yake, na gari halikusita. Sista Kavata amechukua simu akaniambia Mungu anibariki. Wagonjwa kumi na wawili watafanyiwa upasuaji wa macho.

Nimetembea kibandani nikitabasamu kama mjinga. Nimemfungia mzee mmoja betri bila malipo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua Nairobi. Imeanza asubuhi na haijakatika. Mtaro wa Kibera umefurika mpaka barabarani.

Kesho anarudi. Siku zote hizi nimewaza mchanga. Leo nimeanza kuwaza lami.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tano. Simu yake. Sauti imetulia mno, nikajua.

Kwenye kona moja baada ya Machakos, barabara ina maji, nyuma ya gari ikampita. Pikapu imejizungusha mara moja na nusu, ikapiga ukingo wa udongo kwa ubavu. Sista Kavata ameumia bega. Yeye mkono, si sana. Wagonjwa walikuwa wamebaki hospitali ya huko, Mungu ni mkubwa. Hakukuwa na gari lingine linalokuja.

Anasema aliteleza tu.

Nimefunga kibanda. Nimetembea mpaka Kawangware kwenye mvua kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kiti chochote.

Jumamosi, 22 Machi

Gari la kuvuta limeileta pikapu kibandani asubuhi. Ubavu wa kushoto umeingia ndani. Nimefungua mlango, na kitu cha kwanza nilichoona ni swichi.

Iko juu. Iko ZIMA.

Kwa hiyo ameendesha kwenye lami, kwenye mvua, bila ile akili ya gari. Taa ya njano ilikuwa inawaka mbele ya macho yake safari nzima. Nimemfanyia kitu kimoja, nimemwandikia, naye hakuona umuhimu wa kukirudisha chini. Dharau. Au uvivu. Sijui kipi kibaya zaidi.

Nimemfunga bandeji mkononi. Nimempa chai bila sukari. Ameinywa yote, hakuuliza.

Nina hasira naye na nimemshukuru Mungu kwa ajili yake, yote siku moja. Nimechoka.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeketi juu ya ndoo kando ya mlango wa pikapu, na yeye akaja akasimama na mkono wake wa bandeji. Nikamuuliza mara moja tu, kwa nini hakuirudisha swichi chini alipofika lami.

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa Kijapani.

"Niirudishe kwa nini? Si umeandika zima?"

"Ndiyo. Zima."

"Basi. Mguu mzima, nyumba nzima, gari zima. Nikaona na taa imewaka. Nikasema mke wangu ameniambia hapa ndipo gari liko zima, mimi ni nani niguse?"

Dereva mwingine yeyote wa Nairobi angesoma zima akajua ni kuzima. Washa, zima. Hata mtoto wa chekechea. Ni huyu mmoja tu, mwenye A yake ya Bungoma, anayeweza kusoma neno hilo akaona gari lenye afya. Nami ndiye niliyeolewa naye. Nilipaswa kujua.

Na si hilo tu. Jumapili ile tulipomaliza kujaribu, niliiacha swichi juu. Yeye hakuigusa hata mara moja. Alitoka Ayany ikiwa juu, akaenda Kitui ikiwa juu, akavuka mto ikiwa juu, na alipoona mto umevukika akazidi kuniamini. Lami ilikuwa kavu wakati wa kwenda. Ndiyo sababu yuko hai.

Alikuwa ameanza kucheka. Ameona uso wangu akaacha.

Nimemwambia, "Wekesa, mimi ningekuua."

Amechuchumaa mbele ya ndoo, kwa shida, akiushikilia mkono. Amesema kosa ni la wawili, mmoja aliandika kidogo na mwingine alisoma sana. Sikukubali. Sikubali mpaka sasa. Lakini amekaa pale chini mpaka miguu yake ikafa ganzi, ikabidi nimwinue.

Chai ya jioni nimetia vijiko vitatu vya sukari.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia Sista Kavata, nimemwambia yote. Kosa langu, neno langu, swichi niliyoiacha juu. Nilingoja anifukuze. Ameuliza kama inaweza kutengenezwa isimtegemee mtu kusoma. Nimesema inaweza. Amesema basi nitengeneze, yeye bega litapona.

Huyo mama ni mwema kuliko ninavyostahili.

Jumanne, 25 Machi

Nimeng'oa kila kitu. Nimeanza upya.

Sasa swichi yangu haina umeme mpaka wenzo wa magurudumu yote manne uvutwe. Huo anauvuta mchangani na topeni tu. Akifika lami akaurudisha, umeme unakatika, rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe, inaachia, na uongo unakufa wenyewe. Akizima injini, vilevile. Anaweza kusahau, anaweza kusinzia, anaweza kusoma anavyotaka.

Ningeifanya hivi tangu mwanzo. Rilei moja na saa mbili za kazi. Nilikuwa nataka arudi haraka hata nikasahau kuuliza atarudi kwa njia gani.

Wekesa ameitazama kazi kutwa nzima bila kusahihisha neno. Nimesema "swichi hili" makusudi. Amemeza mate akatazama pembeni.

Jumatatu, 31 Machi

Mwenye kupiga rangi amemaliza ubavu. Rangi haijafanana vizuri. Wekesa anasema mkono hauumi, nami nimemwona akibeba jagi la maji kwa mkono mwingine.

Keshokutwa wanaenda tena. Nimemwambia Sista fundi lazima ajaribu kazi yake mwenyewe, kwa hiyo naomba kiti. Amesema kiti kipo tangu zamani.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika haya nimekaa nyuma ya pikapu, ng'ambo ya mto. Shule ya msingi iko mbele yangu, na Sista Kavata yuko ndani ya darasa moja anawapima macho wale waliofanyiwa upasuaji mwezi uliopita.

Tumefika ukingoni saa tatu. Maji ya rangi ya chai, si mengi. Amevuta wenzo, amebonyeza swichi, hakunitazama. Nilikuwa nimeshika mkanda kwa mikono yote miwili. Injini haikukataa. Katikati tairi la nyuma lilizunguka bure, nikasikia breki ikilishika, na gari likaendelea. Niliogopa sana. Lakini niliogopa nikiwa naye, si nikiwa Kawangware nimeketi kando ya simu, na hiyo naona ni nafuu.

Midomo yake ilikuwa inacheza njia yote. Nilidhani anahesabu. Tulipopanda ukingo nimemuuliza alikuwa anasema nini. Hakutaka kusema. Nimemsumbua. Anasema kila akivuka mto huu hutaja jina langu, Ndinda, Ndinda, mpaka magurudumu ya nyuma yatoke majini.

Ameenda kujaza maji kwenye madumu ya kliniki, kwa mkono mmoja. Kesho asubuhi tunarudi kwa njia hiihii.