Swali la Saba

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kuongea peke yangu darasani.

Nilifika salama. Chumba nilichopewa kipo juu ya stoo ya shule. Kina kitanda, meza, na dirisha linalofunguka nusu. Wanafunzi wangu ni arobaini na mmoja. Nikiingia wanasimama, na hawakai mpaka niwaambie. Siku ya kwanza nilisahau, nikafundisha robo saa nzima watu wamesimama, nikidhani wamependa somo.

Mama, hawa watoto hawaulizi kitu. Ukiwauliza kama wameelewa, wanajibu "ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja. Wiki iliyopita niliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Nilipitiwa tu. Wote wakanakili. Jioni nasahihisha zoezi la siku hiyo, nakuta kila mmoja ametumia hamsini na sita. Kesho yake nikawauliza, kama mlijua mbona mlinyamaza? Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye mimi namwita Bibi Kimya, akasema, "Mwalimu hasahihishwi."

Nilikasirika. Nikaweka sheria papo hapo: atakayeona nimekosea akanyamaza, kosa ni lake. Sasa wameanza kunyoosha mikono, polepole, kama wanaogopa dari.

Mwalimu Mkuu amesikia na hakupenda. Amenikumbusha kwamba muhula huu niko kwenye majaribio. Na anikumbushe. Sikuja huku kufuga kasuku.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Sisi huku hatujambo, isipokuwa barua yako imeninyima usingizi wa mchana.

Umesahau ulikotoka? Miaka minne umekaa hapa na cheti chako kwenye bahasha, unazunguka ofisi moja baada ya nyingine mpaka mabawabu wakakujua. Ulipopata kazi hiyo niliutangazia mtaa mzima. Hata mwezi hujamaliza, unataka kumwaga unga. Kwa sababu gani? Kwa sababu watoto wana adabu kupita kiasi. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja na sijawahi kulalamikia darasa lililonyamaza.

Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Wakisimama, waambie wakae. Wakinyamaza, fundisha. Subiri wakuthibitishe kazini, halafu ulete hicho kimbelembele chako. Mimi ndiye mdhamini wako, jina langu liko kwenye mkataba, usije ukanitia aibu.

Kula vizuri. Na dirisha hilo mwambie fundi aje alitazame.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili vizuri, nimeikosa.

Tulifanya mtihani. Swali la saba lilikuwa hivi: tangi tupu linachukua lita sitini. Bomba linatia lita kumi na mbili kwa dakika, na chini kuna tundu linalovujisha lita kumi na tano kwa dakika. Litajaa baada ya dakika ngapi? Swali hili Mwalimu Mkuu alilitunga mwenyewe, na kila mwaka linarudi. Jibu lake ni dakika ishirini. Kila mwaka watoto wanajibu ishirini, maana kaka na dada zao wamewaambia.

Mwaka huu thelathini na wanane wa darasa langu waliandika: "Halitajaa." Bibi Kimya akaongezea, "Aitwe fundi kwanza." Wote wakapewa sifuri, nami nikaambiwa nijaze sifuri hizo kwenye daftari la alama. Nilicheka mbele ya Mwalimu Mkuu. Hapo nilikosa adabu, nakubali.

Nimeletewa fomu. Inasema nakiri kwamba jibu ni ishirini na kwamba nimewapotosha wanafunzi. Nisiposaini, kazi yangu inaishia tarehe ishirini Mei, muhula ukifungwa. Nimemwambia sisaini. Uliniambia nifumbe jicho, mama, lakini mimi ndiye ninayeandika ubaoni. Nikifumba, wale watoto watanakili nini?

Sasa fomu wanakutumia wewe, mdhamini. Ukisaini, itahesabika kwamba nimeomba radhi na kazi itabaki. Najua mkono unakuwasha. Kurudi nyumbani nakuogopa kuliko unavyodhani. Ile bahasha naiona mpaka ndotoni. Hata hivyo nakuomba, mama yangu, usisaini.

Mwanao

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Kama umeshasaini, niambie tu, nijue nitawaambia nini watoto.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika, na fomu ilizitangulia. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya.

Nilitaka kusaini. Kalamu nilishaishika. Lakini mwalimu hasaini asichokikokotoa, basi nikakokotoa: kumi na tano toa kumi na mbili, tatu; sitini gawa kwa tatu. Unajua nilipata ngapi? Ishirini. Nikarudia, ishirini tena. Nikasema huyu mtoto ana kichwa kigumu bure. Kisha nikachukua ndoo kuukuu, nikaitoboa tundu la kutosha, nikaiweka chini ya bomba la uani na kukaa nayo. Jirani yetu muuza mboga akaniuliza kama nimestaafu au nimechanganyikiwa. Nikamjibu nasubiri dakika ishirini. Nilikaa arobaini. Maji hayakufika hata nusu ya ndoo, nami nikaona aibu peke yangu pale uani.

Kuna jambo hatujawahi kulizungumza. Ulipokuwa darasa la nne, kwenye darasa langu, ulinyoosha mkono ukasema, "Mwalimu, umekosea kugawanya." Nilikutoa nje ukasimama juani mpaka kengele. Ulikuwa sahihi, mwanangu, na nililijua hilo kabla hujafika mlangoni. Nilikuacha usimame kwa sababu niliona haya mbele ya watoto. Nisamehe.

Sasa najua nimekumwagia unga kwa mkono wangu. Fungasha vitu vyako taratibu, usiondoke kama mtu aliyeiba. Chumba chako nimekifagia. Kazi tutaitafuta tena, na safari hii tutazunguka wawili.

Fomu nimewarudishia jana kwa barua ya rejista. Pa kusaini nimepaacha wazi. Swali la saba nimelisahihisha kwa wino mwekundu, nikampa Mwalimu Mkuu sifuri, na chini yake nikaandika: "Arudie, na aje na mzazi wake."

Mama yako