Makofi ya Bibi Yako Kwenye Televisheni

Rusimbi,
Kigoma-Ujiji.
4 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Happiness,

Marahaba, maana najua huko Dar es Salaam umeniamkia kabla hujaifungua barua. Hujambo? Mumeo Walter je, kile kifua kimepona? Sisi wazima. Goti langu linasumbua kidogo, lakini wazee wenzangu wote mtaani wanatembelea fimbo, mimi bado.

Naandika mwenyewe. Shangazi yako Agnesi alitaka akupigie simu kwa niaba yangu, nikakataa, angesema ya kwake.

Kipindi chenu cha vichekesho nakiona kila marudio ya Jumapili asubuhi, nikitoka misa ya kwanza. Televisheni ya kwanza mtaani ilikuwa yangu, hata jirani Thobias habishi, na yeye hubisha kila kitu. Wanajaa kwangu mpaka mlangoni. Yule samaki mliyemwita mgebuka ni sato. Samaki mimi simkosei hata akiwa ndani ya kioo.

Sasa lile jambo. Nasikia unataka kuacha kuigiza yule bibi Muha, kwa kuwa watu wa huku wanakutukana kwenye simu, eti umewauza Waha ili Dar wacheke. Na unaogopa kuja Desemba kwenye ndoa ya mdogo wako Erica. Agnesi naye alikuwa upande wao.

Nisikilize mimi. Pale bibi anapoweka simu chini ili ampigie mkwewe makofi ya salamu, akiiokota mkwe ameshakata, watu wanadhani umetunga. Mimi nilikuwepo. Bibi yako Skolastika, Mungu amrehemu, alimfanyia hivyo hivyo baba yake Walter wakati wa posa yako. Nikamwambia, mama, huyo hakuoni. Akanijibu, "Sasa asiponiona ndiyo nisimheshimu?"

Thobias aliposema umemdhihaki marehemu, nilimuuliza kama alimjua kunizidi.

Ila unakosea. Unapiga viganja bapa kama watu wa mkutano. Vikunje kidogo, sauti iwe nzito, na goti litangulie.

Tangu bibi yako afariki, vijana hapa wananiambia "mambo, babu", na wakubwa wananipa mkono tu, makofi hakuna. Jumapili iliyopita ulipoinama pale, nikasahau kama nina wageni. Nikainama kwenye kiti, nikapiga makofi, nikaitikia kwa Kiha kama nilivyomwitikia marehemu kila asubuhi, "Mwakeye, mama Benedict." Wakacheka wote. Agnesi hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi macho mekundu, akaniuliza kama Jumapili ijayo bibi atakuwepo.

Nikamwambia atakuwepo. Kwa hiyo usinifanye mwongo. Na Desemba uje, anayetaka kukusema aanze na mimi.

Msalimie Walter na wazazi wake. Baba yako Benedict na Erica wanakusalimu. Agnesi pia, hajaniomba lakini namjua.

Mungu akukinge na ndimi za watu, aibariki mikono yako.

Babu yako akupendaye kuliko wote hapa,
Nikodemu