Shairi la Mwisho kwa Kerubo

Mjukuu wangu Moraa,

Uliniuliza kama mimi pia nimewahi kuachwa. Jambo hili sijamwambia mtu, hata nyanya yako, ambaye yuko shambani akichuma chai na anakusalimu sana huko Nairobi.

Nilikuwa askari kijana kule kaskazini wakati wa vita. Ya vita tuyaache. Kila nilipopata nafasi nilimwandikia Kerubo wa Nyacheki mashairi. Nilipopewa likizo nilienda kwao moja kwa moja, bado nimevaa buti za jeshi.

"Kerubo ameolewa," mama yake aliniambia. "Ng'ombe wa mahari walioletwa, kaka yake ameshaoa nao. Hawawezi kurudishwa tena. Mashairi yako ni matamu, mwanangu, lakini kaka yake angewapelekea wakwe mashairi?"

Nilitaka kukasirika. Ndipo mke mpya wa huyo kaka akaingia na chai, msichana mwenye furaha isiyofichika.

"Kumbe wewe ndiye wa mashairi!" akasema. "Hebu tusomee moja."

Niliona kwamba ng'ombe walionivunja moyo ndio waliomleta yeye pale, na hakuwa amenikosea lolote.

Nilikuwa na shairi moja mfukoni. Nililisoma hadi mwisho, nikanywa chai, nikarudi kambini.

Babu yako